Hataza ya dawa itokanayo na mmea: mkaguzi huuliza nini, na West Nile inahusikaje

Mtu anayeuziwa dawa ya kifua mjini Arua au Koboko na kuambiwa kwamba dawa hiyo "imesajiliwa" ana haki ya kuuliza: imesajiliwa wapi, na kwa jambo lipi? Nchini Uganda, usalama na ubora wa dawa husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Haki ya mvumbuzi juu ya kile alichokivumbua hushughulikiwa na Idara ya Huduma za Usajili ya Uganda, URSB. Ofisi hizi mbili zina kazi tofauti, na cheti cha moja hakijibu swali la nyingine.

Cheti cha mvumbuzi huitwa hataza. Neno hilo bado ni geni masikioni mwa wengi, na mara nyingi mahali pake husikika neno hakimiliki, ambalo kwa hakika ni la vitabu, nyimbo na picha. Hataza ni haki ya kuwazuia wengine. Kwa muda wa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, mwenye hataza anaweza kumzuia mtu mwingine kutengeneza, kuuza au kuingiza uvumbuzi wake katika nchi iliyoitoa. Kwa kupewa upendeleo huo, yeye naye hutakiwa kuueleza uvumbuzi wake kwa maandishi, waziwazi, ili wengine wausome na, muda ukiisha, wautumie bila kumwomba. Ruhusa ya kuwauzia wagonjwa dawa haimo ndani yake.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2021. Wimbi la pili la UVIKO-19 lilipoikumba Uganda, watu waliitafuta kwa pupa dawa ya mitishamba iitwayo Covidex, iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mwishoni mwa Juni mwaka huo NDA iliikubali kama dawa ya kusaidia matibabu ya maambukizi ya virusi, ikasisitiza kwamba haikuwa tiba ya UVIKO-19. Hapo NDA ilikuwa ikijibu swali la mgonjwa. Nani anaumiliki mchanganyiko huo, na kama ni mpya machoni mwa sheria ya uvumbuzi, hayo yalikuwa nje ya mamlaka yake.

Mapafu yanapoumia

Mapafu huweza kuumia ghafla kwa njia nyingi: nimonia, maambukizi yaliyoenea katika damu, malaria kali, moshi, kuzama majini, ajali ya barabarani. Vyanzo hutofautiana lakini matokeo hufanana. Kuta nyembamba za vifuko vya hewa huanza kuvuja, majimaji huingia mahali pa hewa, na kinga ya mwili, iliyokuja kusaidia, huongeza uharibifu. Mgonjwa huhema kwa shida ingawa anapewa oksijeni. Madaktari waliieleza hali hiyo kwa mara ya kwanza katika jarida la The Lancet la Uingereza mwaka 1967.

Tiba kuu hadi leo ni oksijeni, mashine ya kupumulia, na kukitibu chanzo chenyewe. Dawa mahsusi inayokubalika duniani kote haijapatikana. Dexamethasone, ambayo mwaka 2020 ilionekana kupunguza kwa karibu theluthi moja vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, ni dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu. Kwa hiyo nafasi ya dawa mpya iko wazi, na ndiyo sababu maabara nyingi, hasa za China, huwasilisha maombi ya hataza juu ya viambata vya mimea vilivyorekebishwa kwa ajili ya kutibu mapafu yaliyoumia.

Afrika Mashariki imewahi kuwafundisha wengine jambo katika suala hili. Kwa mujibu wa tafsiri ya ugonjwa iliyoafikiwa Berlin mwaka 2012, mgonjwa alipaswa kuwa kwenye mashine inayosukuma hewa na kupimwa oksijeni ya damu ya mshipa wa ateri. Katika hospitali nyingi za kanda hii vifaa hivyo ni vichache au havipo kabisa. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Kigali, Rwanda, walibadili vigezo: wakatumia kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, na picha za mapafu za mawimbi ya sauti. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba takriban asilimia 4 ya watu wazima waliolazwa walikuwa na hali hiyo, na nusu yao walifariki. Kwa tafsiri ya Berlin, wagonjwa hao wasingehesabiwa. Tafsiri mpya ya kimataifa iliyotangazwa mwaka 2023 imefuata mkondo huo wa Kigali.

Jambo hilo lina uzito hata katika ofisi ya hataza. Ombi linaposema kwamba dawa "inatibu jeraha kali la mapafu", mkaguzi hutaka kujua ni jeraha lipi. Jina hilo, lililopewa vigezo rasmi mwaka 1994, liliondolewa katika tafsiri ya mwaka 2012, lakini wanasheria na watafiti wa panya bado wanalitumia. Maneno yakiwa mapana mno, hataza itakayotolewa inaweza kufunika magonjwa ambayo mwombaji hakuyagusa.

Kutoka kwenye jani hadi kwenye molekuli

Msomaji wa West Nile hana haja ya kwenda mbali ili kuelewa maana ya kiambata cha mmea kilichorekebishwa. Sindano ya artesunate, ambayo hutolewa kwa mgonjwa wa malaria kali, ni mfano kamili. Mmea wake ni Artemisia annua, unaotumika nchini China tangu kale. Mwaka 1972 kundi la watafiti lililoongozwa na Tu Youyou lilitenga kutoka kwenye mmea huo kiambata kilichopewa jina la artemisinin; kazi hiyo ilimpatia Tu Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini artemisinin haiyeyuki vizuri katika maji, na dawa isiyoyeyuka ni vigumu kuipitisha katika mshipa. Wanakemia waliibadili sehemu ndogo ya molekuli hiyo, wakapata artesunate, ambayo chumvi yake huyeyuka. Badiliko lingine lilizaa artemether, iliyomo katika vidonge vya Coartem.

Hivyo kuna vitu vitatu vinavyopaswa kutenganishwa: mmea, kiambata kilichomo ndani yake, na kiambata kilichobadilishwa kwa mkono wa mwanakemia. Sheria za hataza huvitazama kwa macho tofauti. Mmea kama ulivyo porini si uvumbuzi wa mtu. Kiambata kilichotengwa ni suala lenye ubishi: Ulaya hukikubali kikitimiza masharti, lakini Mahakama Kuu ya Marekani, katika hukumu ya Juni 2013 kuhusu vinasaba vya saratani ya matiti, ilisema kukitenga tu kitu cha asili hakukifanyi kuwa uvumbuzi. Kiambata kilichobadilishwa, ambacho hakikuwapo duniani kabla ya kutengenezwa, ndicho chenye njia iliyo rahisi zaidi. Mawakili wa kampuni za dawa wanalijua hilo vizuri.

Inafaa pia kukumbuka namna artesunate ilivyothibitishwa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010, likihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwa miongoni mwao, lililinganisha artesunate na kwinini. Waliopewa artesunate walifariki kwa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini kwa asilimia 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake kwa watoto wenye malaria kali. Mkaguzi wa hataza haombi ushahidi wa kiwango hicho, wala hapaswi kuuomba.

Maswali ya mkaguzi

Je, yeye huomba nini? Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna mti uitwao kitaalamu Warburgia ugandensis, ambao Wakikuyu huuita muthiga na Waganda mukuzanume. Gome lake chungu hutafunwa au kuchemshwa Afrika Mashariki kwa ajili ya kikohozi na maumivu ya kifua. Tuseme maabara fulani ya ng'ambo imechukua kiambata kutoka kwenye gome hilo, ikakibadili, na sasa inaomba hataza ya kutibu mapafu yaliyoumia.

Kiini cha ombi ni madai, yaani sentensi zinazochora mpaka wa kile kinachoombwa, kama mawe ya mpaka wa shamba. Mkaguzi huyasoma madai hayo moja baada ya jingine, kisha hutafuta kila kilichokuwa kinajulikana kabla ya tarehe ya ombi: hataza za zamani, majarida ya sayansi, vitabu, tasnifu.

Swali la kwanza ni upya. Ikiwa dai la kwanza ni la warburganal, kiambata kinachopatikana katika gome la mti huo, litaanguka mara moja. Kiambata hicho kilielezwa katika jarida la kemia mwaka 1976, na watafiti waliohusiana na kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, cha Nairobi, waliokuwa wakichunguza kwa nini viwavijeshi havili majani ya mti huo. Aliyekisoma mwaka ule hakuwa akifikiria mapafu, lakini hilo halibadili kitu. Kitu kilichokwisha kutangazwa hakiwi kipya tena. Dai la pili, la molekuli iliyobadilishwa, linaweza kupita iwapo hakuna aliyewahi kuieleza.

Swali la pili ni zito zaidi, na ndipo maombi mengi hukwama: je, hatua iliyochukuliwa ingemjia kwa urahisi mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo? Mkaguzi anaweza kusema kwamba mabadiliko kama hayo hufanywa kila siku ili kuifanya molekuli iyeyuke, na kwamba faida kwa kifua ilikwisha kudokezwa. Mwombaji naye hujibu kwa takwimu: molekuli yetu ina nguvu mara kadhaa kuliko ile ya asili, au haina sumu ambayo ile ya asili inayo. Jambo lisilotarajiwa ndilo linalomwokoa.

Swali la tatu, kama uvumbuzi unaweza kutumika katika viwanda au kazi, huwa jepesi kwa dawa. Lakini lipo jingine ambalo wasomaji wa kawaida hawaliulizi vya kutosha: je, maelezo yaliyotolewa yanatosheleza ukubwa wa madai? Katika maombi ya dawa za mapafu, ushahidi wa kawaida ni panya waliopuliziwa sumu ya ganda la bakteria, ambayo huumiza mapafu kwa saa chache. Wengine hupewa dawa, wengine hawapewi. Kisha hupimwa uzito wa mapafu yaliyojaa maji na kemikali za uvimbe zilizomo ndani yake. Mwombaji huenda amejaribu molekuli mbili au tatu, lakini dai lake linachora fomula moja yenye matawi, ambayo kwa kubadilisha kila tawi huzaa maelfu ya molekuli ambazo hakuna aliyezishika mkononi. Mkaguzi makini humwambia apunguze. Barua huenda na kurudi, madai hupungua upana, na miaka hupita. Ombi lenyewe kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe yake ya kwanza, hata kama halijakubaliwa. Kwa hiyo kuona ombi kwenye intaneti si kuona hataza. Kosa hilo hufanywa hata na vyombo vya habari.

Kwa desturi ya ofisi nyingi, kimoja hakimo katika maswali hayo: aliyemwonyesha mtafiti mti ni nani, na amepata nini.

Mzizi wa Afrika Kusini

Kesi iliyo karibu zaidi na suala hili ilihusu dawa ya kifua na jamii ya Afrika. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Henry Stevens, mgonjwa wa kifua kikuu, alikwenda Afrika Kusini akitafuta nafuu. Mganga wa huko alimpa mchemsho wa mizizi. Akapona, au aliamini amepona, akarudi Uingereza na kuanza kuuza dawa hiyo kwa jina lake mwenyewe, akiificha asili yake. Chama cha Madaktari wa Uingereza kilimwita tapeli. Alikishitaki na akashindwa. Hapakuwa na hataza wakati huo, palikuwa na siri tu, na siri hiyo ilibebwa na mtu ambaye hakuirithi.

Baadaye wataalamu walitambua kwamba mzizi huo ni wa mmea wa Pelargonium. Dondoo lake likawa dawa maarufu ya mkamba nchini Ujerumani, ikiuzwa kwa jina la Umckaloabo na kampuni ya Schwabe ya Karlsruhe. Mwaka 2007 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni hiyo hataza juu ya njia ya kutengeneza dondoo la mizizi ya Pelargonium. Mwaka uliofuata pingamizi ziliwasilishwa. Moja ililetwa na Kituo cha Afrika cha Usalama wa Kibayolojia kwa niaba ya jamii ya Alice, mji mdogo wa jimbo la Rasi Mashariki, ambako mizizi hiyo huchimbwa. Shirika la Uswisi lililojulikana kama Azimio la Berne nalo liliungana na wapingaji.

Tarehe 26 Januari 2010, mjini Munich, hataza hiyo ilifutwa yote. Mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuachana na hataza nyingine kadhaa kuhusu mmea huo. Jamii ya Alice ilishangilia, na ilikuwa na sababu ya kushangilia. Hata hivyo sababu iliyofuta hataza inastahili kusomwa polepole: ofisi iliona kwamba njia ya kutengeneza dondoo haikuwa na hatua ya kiuvumbuzi, kwa kuwa mtaalamu wa kawaida angeifikia. Ilikuwa hukumu juu ya kemia. Dawa iliendelea kuuzwa, kwa sababu kufutwa kwa hataza huondoa ukuta unaowazuia wengine. Hakumlazimishi muuzaji kugawana faida na yeyote.

Mwarobaini, mti unaopandwa penye joto na ukame, nao una kesi yake. Kampuni ya Marekani ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo zilipata hataza Ulaya mwaka 1994 juu ya matumizi ya mafuta ya mwarobaini dhidi ya kuvu wa mimea. Wahindi walipinga kwa kuonyesha kwamba matumizi hayo yalikuwa yakifanyika hadharani kwao tangu hapo kabla. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005.

Ya manjano, kiungo cha mchuzi, ilikwenda haraka zaidi. Hataza ya Marekani ya mwaka 1995 kuhusu kuponya vidonda kwa manjano ilifutwa mwaka 1997 baada ya Baraza la Utafiti la India kuleta maandiko, yakiwemo ya Kisanskriti ya kale. Maandiko yalikuwa ya lazima. Chini ya sheria ya Marekani ya wakati huo, jambo lililokuwa likitumika katika nchi nyingine bila kuandikwa popote halikuhesabiwa kuwa linajulikana. Bibi wa Kihindi anayempaka mjukuu wake manjano hakuwa ushahidi. Karatasi ilikuwa ushahidi. Sheria hiyo ilibadilika kuanzia Machi 2013, lakini ugumu wa kuthibitisha jambo lisiloandikwa umebaki palepale, kwa kuwa mkaguzi hutafuta kwenye hifadhi za data, na hawezi kuona kisichokuwemo.

Sheria ya Uganda na mwaka 2033

Uganda ina Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014. Sheria hiyo iliondoa bidhaa za dawa katika orodha ya vitu vinavyoweza kupewa hataza hadi Januari 1, 2016, au hadi muda mwingine ambao nchi zenye maendeleo madogo zitaongezewa na Shirika la Biashara Duniani. Novemba 2015 muda huo uliongezwa hadi Januari 1, 2033. Kwa maneno mengine, hata kama molekuli ya mfano wetu ingepata hataza Ulaya, Marekani na China, bidhaa yenyewe haistahili hataza kwa sheria ya Uganda kwa sasa. Kiwanda cha hapa kinaweza kuitengeneza, na dawa hiyo inaweza kununuliwa kutoka nchi ambako haina kizuizi. Kwa mgonjwa anayelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Arua, kifungu hicho kinaweza kuwa na uzito kuliko cheti chochote, maana bei ya dawa hushuka pale watengenezaji wanapokuwa zaidi ya mmoja.

Upo mwanya, hata hivyo. Uganda ni mwanachama wa Shirika la Haki Miliki la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare, Zimbabwe. Chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, mwombaji huwasilisha ombi moja na kutaja nchi anazotaka. ARIPO hulikagua, kisha nchi iliyotajwa hupewa miezi 6 kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Nchi ikinyamaza, hataza hutolewa kwa jina lake pia. Ulinzi ulioandikwa katika sheria ya Kampala unategemea basi kwamba mtu fulani ofisini ameisoma barua ya Harare na kuijibu kwa wakati.

Kifungu hichohicho kina upande wa pili, ambao mvumbuzi wa ndani huuhisi. Mwanasayansi wa Uganda aliyebadili kiambata cha mmea wa kwao naye hawezi kupata hataza ya bidhaa ya dawa nyumbani. Itambidi aombe ng'ambo, kwa gharama kubwa, au aombe ulinzi wa njia ya kutengeneza. Kwa maoni ya wengi wanaofuatilia bei za dawa, hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na faida ya wagonjwa. Na ni vigumu kuwapinga kwa nchi inayoagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka nje.

Maarifa yanayovuka mpaka

Mei 24, 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Haki Miliki Duniani, WIPO, zilipitisha mkataba unaohusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo. Baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka 20, mkataba huo unataka mwombaji wa hataza ataje nchi ambako mmea ulitoka na, pale uvumbuzi unapotegemea maarifa ya jadi, ataje jamii iliyoyatoa. Utaanza kutumika miezi 3 baada ya nchi 15 kuuridhia. Makali yake ni machache: hataza haiwezi kufutwa kwa sababu tu mwombaji hakutaja asili, isipokuwa pale palipo na nia ya udanganyifu, na hata hapo ni kwa mujibu wa sheria ya nchi husika.

Kwa West Nile, neno "jamii" lenyewe lina utata. Wakakwa wako Koboko, wako Yei nchini Sudan Kusini, na wako katika eneo la Aru nchini Kongo. Walugbara nao wako pande zote mbili za mpaka wa Vurra. Mzizi unaochemshwa kwa ajili ya kifua upande huu huchemshwa pia upande ule, na wakati wa vita vya nchi zote tatu watu wamekimbilia huku na kule wakiwa na ujuzi wao vichwani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo si mwanachama wa ARIPO, wala Sudan Kusini. Mtafiti akifundishwa na mganga wa Koboko jambo ambalo babu yake alijifunza Yei, ni jamii ipi itakayoandikwa kwenye fomu? Mkataba haukuweza kulijibu hilo kwa niaba ya watu wa mpakani, na ni afadhali wazee wa pande zote walizungumze kabla hawajaulizwa na wageni.

Kwa upande wa utafiti wenyewe, Uganda ina kanuni za mwaka 2005 kuhusu kuzifikia rasilimali za kijenetiki na kugawana faida, na ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014. Mtafiti anayetaka kuchukua mimea kwa ajili ya kuchunguza vinasaba au viambata vyake anapaswa kuwa na kibali kupitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na kupata ridhaa ya wenye eneo wakiwa wameelezwa vya kutosha. Anayechimba mizizi bila karatasi hizo anaweza kuulizwa na mtu yeyote, hata mwenyekiti wa kijiji.

Kuna uamuzi ambao mganga au mvumbuzi hulazimika kuufanya mapema. Anayeeleza redioni kila kilichomo katika dawa yake, na namna ya kuitengeneza, huenda amejifungia mlango wa hataza yeye mwenyewe, kwa kuwa Ulaya na nchi nyingine nyingi huhesabu maelezo ya mdomo yaliyotolewa hadharani kuwa ni kutangazwa. Lakini maelezo hayohayo, yakihifadhiwa na tarehe yake, huweza kuwa ushahidi wa kuizuia kampuni ya mbali isidai kwamba jambo hilo ni jipya. Mtu hawezi kuvipata vyote viwili. Anayetaka hataza hutakiwa kunyamaza hadi ombi lake lipokelewe, na kuwa na mkataba wa maandishi na kila anayemwonyesha. Anayetaka maarifa yabaki ya wote hutakiwa kuyaandika, pamoja na jina la mmea, mahali, na matumizi, na kuyachapisha mahali ambapo mkaguzi wa Munich au Harare atayakuta.

Wanaotaka kupimiwa dawa zao, Taasisi ya Utafiti wa Tiba za Asili iliyo chini ya Wizara ya Afya, mjini Kampala, imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960. Tangu mwaka 2019 ipo pia Sheria ya Tiba za Jadi na Tiba Mbadala, inayohusu usajili wa waganga wenyewe. URSB ina ofisi ya kanda Arua, na NDA pia. Anayekwenda kuuliza kuhusu umiliki aende kwa ya kwanza, na anayetaka kujua kama dawa aliyouziwa imeruhusiwa aende kwa ya pili, akiwa ameshika chupa au pakiti yake.